Wageni wa Nyumba ya Kati

2 Machi

Zamani mambo ya siku nilikuwa namsimulia mama. Hata siku ambayo hakuna lililotokea nilimsimulia hivyo hivyo, naye akaitikia "ehe, ehe" kana kwamba nimetoka vitani. Tangu tumzike sina wa kumwambia, basi naandika hapa.

Paka wa jirani amezaa juu ya dari yangu.

3 Machi

Mkutano wa chama cha mtaa, uani kwa Fundi Cherehani. Ndiye mwenyekiti wetu, kwa sababu hakuna mwingine mwenye sauti ya kutosha. Habari ni kwamba Bwana Hoteli amenunua nyumba nyingine mbili. Sasa zote za kulia kwangu ni zake na zote za kushoto ni zake, yangu imebaki katikati kama jino bovu. Za kwake amezipaka rangi nyeupe, ameweka taa za chini, na ndani halali mtu ila mlinzi. Wageni wake huletwa, hupiga picha, huondoka, wasijue kwamba humo walikaa watu waliooana, wakagombana na kukaanga vitunguu.

Kumzuia asinunue hatuwezi. Tunachoweza ni kuzifanya nyumba zetu zijilishe. Fundi Cherehani akasoma masharti: kila nyumba ipokee wageni wachache, visizidi vyumba viwili; mgeni ale tunachokula; sehemu ya anacholipa iingie kapu la mtaa, la kukarabati kuta na mapaa. Sharti la mwisho akalisema mara mbili: nyumba isiyolala mwenyewe hailazi mgeni.

"Mama Posta," akaniambia mbele ya watu, "wewe una vyumba sita na mtu mmoja."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Miaka yote niliyokaa nyuma ya dirisha la posta ilinifundisha kucheka kwa wakati wake.

5 Machi

Mdogo wangu amepiga simu. Ndiye kitindamimba wetu, na mpaka leo, na mvi zake zote, anaitwa Kitinda. Nyumba hii ni yetu wawili. Baba aliiacha hivyo, hakuna anayeweza kuiuza peke yake.

"Dada, bado unalala peke yako kwenye hilo pango?"

"Ni nyumba."

"Bwana Hoteli amenipigia. Anataka kubomoa hapo katikati aunganishe za kwake, aweke bwawa la kuogelea. Dada, bahati haibishi hodi mara mbili."

"Bwawa? Mahali mama alipokata roho?"

"Mama alikata roho hospitali, dada."

Ni kweli. Lakini watu wengine wangeacha tu lipite.

Kitinda ana moyo wa jiwe, acha niseme. Msibani hakutoa chozi. Alisimama na mkoba begani kama anayesubiri gari, na mazishi yalipokwisha, gari likaja kweli.

9 Machi

Mvua ya kwanza. Ndoo tatu na sufuria moja.

12 Machi

Wageni wangu wa kwanza: maharusi. Walifika jana. Nilifagia tangu alfajiri, nikatandika chumba cha mbele, nikapika maharage nikayaunguza, nikapika mengine. Bibi harusi alikuwa anapiga chafya kila akiingia chumbani. Bwana harusi aliniuliza mtandao unashika wapi, nikampeleka juu ya ngazi ya dari, ndipo mahali pekee. Alikaa huko jioni nzima na vitoto vya paka. Mkewe alikaa na mimi jikoni. Hatukuwa na la kusema, lakini alimenya viazi vizuri.

Wameondoka leo asubuhi badala ya kesho. Walikuwa na adabu sana katika kuondoka.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni akishaondoka mwenyeji anakuwaje, hilo hawakutuachia.

13 Machi

Nimepika uji wa watu watatu. Mazoea ya siku moja tu, na mkono umeshayashika.

20 Machi

Kisa cha leo! Basi kubwa la wageni wa Bwana Hoteli lilikosea njia likawashusha watu wake kwenye kichochoro chetu. Walikuwa wengi kiasi kwamba wa mbele walikuwa wameshafika kisimani na wa nyuma bado wanashuka. Wakaingia uani kwa watu bila hodi. Mmoja alifungua mlango wangu, akaniona nakunywa chai, akanipiga picha, akafunga mlango. Na chai yangu mkononi, nikahisi nimekufa siku nyingi na sijaambiwa.

Kwa Fundi Cherehani walipiga picha kamba ya nguo.

"Chupi zangu!" alikuwa akipiga kelele. "Mama Posta, chupi zangu zinapanda ndege, na mimi mwenyewe sijawahi kupanda!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Halafu akafuta macho akaniambia, safari hii kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua anayo: "Unaona? Siku mtaa wote ukiwa wa yule bwana, sisi tutakuwa kama zile nguo kwenye kamba." Nilikuwa namwona mtu wa kelele tu. Kumbe anaogopa kama mimi, ila woga wake unatoka na sauti.

24 Machi

Amefika mgeni, mwanamume wa makamo yangu, dereva wa treni mstaafu. Anakaa mpaka mwezi ujao. Amekuja na begi dogo na kisanduku cha bisibisi. Nimemuuliza vya nini. Amesema hajui kukaa nyumbani kwa watu mikono mitupu.

26 Machi

Dereva wa Treni ametengeneza bawaba za dirisha la ukumbini. Lilikuwa halifungi tangu baba akiwa hai.

29 Machi

Mvua. Tumekaa ukumbini, yeye na bisibisi, mimi na kitambaa changu cha kufuma. Amenieleza jinsi treni inavyosimama: dereva anafunga breki akiwa mbali sana, kituo hata hakijaonekana. "Usipoanza mapema, utakipita," akasema. Nikamwuliza kama amewahi kukipita. "Kimoja," akasema. Sikumchimba. Mke wake amefariki, hilo nalijua, maana hupaka siagi vipande viwili vya mkate kisha anakitazama cha pili.

Amegusa ukuta wa uani, ule wenye nakshi. Nyumba zote za zamani hapa zina nakshi ya vidole kwenye chokaa, na hakuna nyumba yenye nakshi ya mwenzake. Ya kwetu ni mistari inayopishana kama msuko wa nywele, na katikati alama ya kidole gumba. Ni kazi ya mama. Kila kiangazi alikuwa akiziba nyufa na kurudishia.

"Sasa nani anarudishia?" akauliza.

"Hakuna. Mimi nilikuwa shule, halafu posta. Sikujifunza."

Akaweka gumba lake ndani ya alama ya gumba la mama, akaliondoa haraka kama aliyegusa mtu usingizini.

5 Aprili

Ameondoka. Nilimsindikiza mpaka kona. Alisema, "Asante kwa kunikaribisha, dada." Miye nilikuwa nimejiandalia maneno tangu juzi, nikaishia kumwambia aangalie utelezi.

6 Aprili

Dirisha la ukumbini linafunga vizuri mno. Sisikii hata watu wanaopita.

7 Aprili

Hakuna.

14 Aprili

Ukuta wa uani umeanguka.

Ilikuwa mchana, mvua imekatika, jua limeanza kutoka. Nilikuwa chumbani natandika. Kwanza nikasikia kitu kama mtu anakohoa. Nikatoka nikaona ukuta umetoa tumbo, kisha ukakaa chini taratibu, kama mzee anayetafuta kiti, kisha kishindo. Vumbi halikuwepo kwa sababu udongo ulikuwa umelowa; ilikuwa tope tu, matofali, na vipande vya chokaa vyenye mistari ya mama vimezama nusu kwenye dimbwi.

Sikuumia. Nilifungua mdomo kuita mtu, nikakuta sina jina la kuita. Si mama, si baba, mgeni sina, Kitinda yuko mbali. Nilisimama na mdomo wazi katikati ya ua. Hilo limenitisha kuliko kishindo.

Mwisho nikaita "Jamani!" tu, kama mtu anayeibiwa sokoni.

Fundi Cherehani alikuja mbio na sindano mdomoni. Nyuma yake watu wa mtaa, wengine sijaongea nao tangu msibani. Wakaunda mstari, wakaanza kupokezana matofali kabla mvua haijarudi. Hakuna aliyeniuliza nataka kufanya nini, walifanya.

Mzee Chokaa, mwashi wetu, alipanda juu ya kifusi akatazama upande wa pili. Ukuta ule tunachangia na nyumba ya Bwana Hoteli. Kwake ameupiga saruji, na bomba la paa lake linamwaga hapo hapo. "Udongo unataka kupumua," Mzee Chokaa akasema. "Huyu bwana ameufunika blanketi la mpira, maji yakaingia yakakosa pa kutokea."

"Alifanya makusudi?" Fundi Cherehani akauliza, sauti ikipanda.

"Sijui ya moyoni mwake. Najua ya ukuta."

15 Aprili

Chama kimekaa. Kapu la mtaa, lile ambalo maharusi walitia chao na Dereva wa Treni akatia chake, litajenga ukuta. Mimi ni wa kwanza kulitumia. Niliona aibu nikasema nitangoja wengine. Fundi Cherehani akasema: "Wewe ukianguka sisi sote tunaanguka, nyumba hizi zimeegemeana. Kaa chini."

Nikakaa.

Jioni nimempigia Kitinda. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema: "Nakuja. Na karatasi za mauzo nakuja nazo. Dada, hata nyumba yenyewe imechoka."

17 Aprili

Wamekuja wanafunzi wanne wa ujenzi, wavulana wawili na wasichana wawili, walikuwa wameshapanga kuja kabla ukuta haujaanguka. Nilitaka kuwarudisha. Wakauliza kama wanaweza kusaidia. Mzee Chokaa amewapa ndoo. Wanalala kwangu, na usiku vyumba vinakoroma.

19 Aprili

Kitinda amekuja. Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa.

Aliingia, akanikumbatia kwa mkono mmoja maana wa pili ulikuwa na mkoba, akapita moja kwa moja uani. Wanafunzi walikuwa chini ya turubai wanachanganya chokaa. Ukuta mpya umefika kifuani. Kitinda akainama akaokota kipande cha ule wa zamani, chenye msuko, akakigeuza.

"Mnajenga cha nini kitu kinachouzwa?"

"Sijasema kinauzwa."

"Dada, una miaka mingapi? Ukianguka wewe badala ya ukuta, nani atakuokota? Hawa?" Akawaonyesha wanafunzi, nao wakajifanya hawasikii. "Wageni ni wa leo. Wakiondoka unabaki unahesabu ndoo za maji ya mvua."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nikamwambia maneno niliyoyaweka tangu msibani: kwamba hana uchungu na nyumba, kwamba hana uchungu hata na mama, kwamba mimi nilibaki nikamwogesha na kumlisha, yeye akaja siku ya kaburi na mkoba begani.

Hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Ulibaki kwa sababu uliachwa ubaki," akasema. "Mimi nilikuwa na miaka tisa. Unga ulipopungua, mmoja alitakiwa aende kwa shangazi. Wewe ulikuwa unafanya vizuri shule. Mama alinifungia nguo zangu, akanisindikiza mpaka kona. Nilimwuliza nitarudi lini. Akasema mvua zikiisha. Dada, zimeisha mvua ngapi?"

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne wakati ule. Nakumbuka Kitinda alikwenda kwa shangazi. Nakumbuka chumba kilikuwa kikubwa ghafla na nilifurahi. Hakuna siku niliyojiuliza kwa upande wake ilikuwaje. Kwetu ilisemwa "amekwenda", hakuna aliyesema "amepelekwa".

"Wewe ukiitazama unaona nyumba," akasema. "Mimi naona mahali nilipotolewa. Lijae maji hilo bwawa, nisipaone tena."

Nikamletea chai. Akainywa.

20 Aprili

Asubuhi Mzee Chokaa alipaka tabaka la mwisho kwenye kipande cha kwanza cha ule upande unaotazama ua, akasema nakshi ipigwe sasa, chokaa ikishashika haipokei tena kidole. Nikajaribu mimi. Nilichora mistari kama mtu anayeandika anwani ukutani. Msichana mmoja wa wale wanafunzi akasema kwa upole kwamba inapendeza. Mzee Chokaa akapitisha mwiko, ukuta ukawa laini tena.

Kitinda alikuwa anatazama toka ngazini, mkoba begani, gari lake saa nane.

"Unatumia kidole cha shahada," akasema. "Si hicho. Ni cha kati na cha pete, pamoja, na unaanzia chini."

"Unajuaje?"

"Wewe ulikuwa shule. Mimi ndiye niliyemshikia mama ndoo."

Akaweka mkoba chini. Akakunja mikono ya gauni. Alianzia chini kabisa, vidole viwili, akapanda, akapisha, akashuka. Mkono wake ulikuwa unakwenda bila kumwuliza. Alipofika katikati ya msuko wa kwanza akabonyeza gumba, akasimama hapo, gumba limo ndani ya ukuta. Mabega yakaanza kutikisika. Yale machozi ya msibani, niliyomhukumu kwa kuyakosa, yalikuwa yamengoja hapa.

Wanafunzi wakashika njia ya jikoni. Watoto wana akili.

Saa nane ilipita. Gari lilikwenda zake.

22 Aprili

Mzee Chokaa anapaka kipande kwa kipande, na Kitinda anawafundisha wanafunzi, na mimi. Ni mkali. Yule msichana mpole alipotaka kumpiga picha akamwambia, "Weka simu, lete vidole." Mimi ananipiga mkono kama mama alivyokuwa anampiga yeye, bila shaka. Tulipomaliza, ukuta ukawa na misuko ya mama, myembamba, kwa mkono wa Kitinda, na pale pembeni misuko yangu, ambayo imelewa.

24 Aprili

Bwana Hoteli amekuja mwenyewe, na viatu safi. Nilimngoja awe shetani, akawa mtu mchovu mwenye kikohozi. Alitoa pole sana kuhusu ukuta, akasema bomba litahamishwa. Akamgeukia Kitinda: mazungumzo yao yamefikia wapi?

Kitinda alikuwa anaosha chokaa kwenye kucha. "Mimi siuzi," akasema, "ila usifikiri napapenda."

Yule bwana akatazama ukuta muda mrefu. Akauliza kama fundi wa nakshi ile anaweza kumfanyia na yeye ukutani kwake, atalipa vizuri.

"Nani analala ndani ya nyumba yako?" Kitinda akamwuliza.

"Mlinzi."

"Basi mlinzi akitaka, aje ajifunze. Ajichoree ya kwake."

25 Aprili

Wanafunzi wameondoka asubuhi, Kitinda mchana. Nilimwomba abaki. Nilisema kuna vyumba sita. Akasema, "Dada, usiniombe hicho. Siwezi kulala hapa kama mtu wa nyumbani. Nimejaribu siku hizi zote, sijafumba jicho." Karatasi ziliondoka naye vile vile mkobani, bila wino.

Nimeshinda. Nyumba ipo. Nimekaa ndani yake.

3 Mei

Mvua.

4 Mei

Mvua. Ukuta umekaa vizuri. Nimekwenda kuushika mara kadhaa, nikijidanganya naangalia unyevu.

16 Mei

Wageni wawili, mama na binti yake. Waliongea wao kwa wao, na mimi nilifurahi kusikia tu, kama redio.

28 Mei

Mvua zinapungua. Fundi Cherehani ameniletea habari ya mgeni mpya: mwanamke mmoja, wiki nzima, amepitia chama kama utaratibu unavyotaka, amelipa na cha kapu. Alipotaja jina nilidhani anatania.

Nimempigia simu. "Kitinda, wewe unalipa kulala kwenye nyumba yako?"

"Ndiyo."

"Watu watatuonaje?"

"Watatuona wajinga. Sikiliza, dada. Nikija kama mtoto wa nyumba, nalala nasubiri kuambiwa niondoke. Nikija mgeni, siku yangu ya kuondoka naijua, nimeipanga mimi. Na mgeni hafukuzwi."

Nilishika simu hata alipokwisha kukata.

9 Juni

Jua. Wiki ya Kitinda imekwisha leo.

Usiku wa kwanza nilimsikia anatembea. Wa pili pia. Wa tatu alilala mpaka jua likampata kitandani, nikawa napita mlangoni kwa ncha za vidole kama ndani kuna kichanga. Hatukuzungumza makubwa. Alinicheka nilivyounguza maharage. Alinisimulia kuhusu shangazi, kidogo kidogo, hakuwa mtu mbaya. Mlinzi wa Bwana Hoteli alikuja siku mbili baada ya zamu kujifunza nakshi. Amechagua alama ya kiganja kizima, kwa sababu ana haraka.

Mchana nilimsindikiza mpaka kona. Hatukuahidiana kitu. Gari lilipokuja alinishika mkono, mkono wake una chokaa kwenye mistari, na wa kwangu pia. Akapanda.

Nimerudi nikaingia chumbani kwake kutandua. Shuka lilikuwa bado na vuguvugu lake, au la jua, sikutaka kujua. Nikalikalia mpaka likapoa. Kisha nikalifua na kulianika, maana kesho kuna wageni.